Nafasi Mbili, Nafasi Nane

"Mzazi wake yuko wapi?" aliuliza dada wa mapokezi.

"Mzazi wa nani?"

"Wa mgonjwa."

Mama Kidoti akageuka kumtazama mgonjwa. Mgonjwa alikuwa mkwewe, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, amekaa wima kwenye benchi na mkoba mapajani, miwani yake minene kama kitako cha chupa, akimtolea heshima mtungi wa maji ya kunywa aliodhani ni daktari.

"Wazazi wake walishafariki, dada. Siku nyingi."

Dada wa mapokezi alisogeza uso kwenye skrini. Alikuwa msichana mpole, sauti yake ya chini, na dakika moja tu iliyopita alikuwa amemwamkia bibi huyo shikamoo kwa magoti mawili. Sasa alionekana kujuta. "Hapa inaonyesha mama yake yuko hai," alisema. "Ana miaka sita."

Kisha akasoma jina la huyo mama. Lilikuwa jina la Kidoti, majina yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Kidoti mwenyewe, aliyeletwa hospitali kwa sababu shule yao imefungwa na nyumbani hakuna wa kubaki naye, akainua mkono kama yuko darasani.

"Nipo!"

"Dada, kuna kosa," Mama Kidoti alisema. "Sisi tumekuja kwa ajili ya mtoto wa jicho."

"Ndiyo. Mtoto. Hata huku imeandikwa hivyo."

"Mtoto wa jicho, si mtoto wa Kidoti!"

Watu wawili watatu kwenye foleni wakaanza kucheka kwa pua. Dada wa mapokezi akaeleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Kadi ya matibabu inatoka kwa mwajiri, na mfumo wa hospitali unasoma kile mwajiri alichotuma. Mfumo ukisema huyu ni mtoto, basi hapasuliwi mpaka mzazi wake aweke kidole gumba.

"Kidole anacho," alisema Mama Kidoti, aliyeona pengine njia fupi ndiyo hiyo.

"Lakini mzazi mwenyewe ni mtoto. Itabidi asimamiwe na mzazi wake."

"Mzazi wake ni mimi."

"Basi wewe ni bibi wa mgonjwa."

Mama Kidoti alikuwa na miaka thelathini na minne. 

Wakati wa mzaha haukuwepo. Daktari wa macho alikuwa wa kuzunguka. Alifika hospitali ile mara mbili kwa mwaka, akakaa wiki moja, akaondoka. Upasuaji wa mwisho ulikuwa kesho, Jumamosi, na orodha ingefungwa leo saa kumi jioni. Jicho la kulia la Bibi lilikuwa limezibika kabisa tangu mwaka jana. La kushoto lilibakiza mwanga na vivuli. Asubuhi ile alikuwa amepiga mswaki kwa krimu ya viatu.

"Nendeni kliniki ya watoto kwanza," dada wa mapokezi alisema, mashine yake ikitapika kikaratasi. "Mkipata muhuri wao, labda nitaweza kumwingiza."

Kliniki ya watoto ilikuwa na viti vya plastiki vya kimo cha kifundo cha mguu na twiga waliochorwa ukutani. Bibi aliketi akazama, magoti yakamfikia kidevuni. Kulia kwake palikuwa na kichanga kinachonyonya, kushoto mvulana wa miaka mitatu mwenye pipi, aliyemtazama mpaka pipi ikamdondoka.

Muuguzi, mwanamke mnene mwenye saa iliyobanwa kifuani, aliita jina bila kuinua kichwa. Alikuwa amehudumia watoto arobaini tangu asubuhi, na kalamu yake ilikwenda yenyewe.

"Chanjo amemaliza?"

"Nina kovu la ndui begani," Bibi alisema.

"Anakula vizuri?"

"Anakula," Kidoti alijibu haraka, akiwa tayari ameshalizoea jukumu lake, "lakini anachagua."

"Anakojoa kitandani?"

Bibi alisimama. Ilimchukua muda, maana kiti kilimfuata nyuma kikiwa kimemng'ang'ania, ikabidi Mama Kidoti akichomoe. "Mama," alisema kwa sauti iliyowanyamazisha hata vichanga, "mimi nimekuwa mhazili miaka thelathini na mmoja. Nimepiga taipu barua za wakurugenzi sita, na watatu kati yao hawakujua kuandika. Niulize vizuri."

Muuguzi aliinua kichwa. Kalamu ikasimama. "Yesu! Shikamoo mama."

"Marahaba."

Aliomba radhi mara nne. Muhuri, hata hivyo, hakugonga. Alifungua jedwali lake la uzito kwa umri, akateremka na kidole mpaka chini kabisa. Lilikoma miaka kumi na miwili. "Nikigonga hapa nitaulizwa," alisema kwa huzuni. "Hili kosa ni la mwajiri. Rudini huko mkarekebishe." Na kwa sababu hakutaka waondoke mikono mitupu, akampa Bibi puto.

Nje, juani, Bibi alisimama ghafla na puto lake.

"Nani aliandika ile orodha?"

Mama Kidoti alijua swali hilo lingekuja. Kiwanda cha barafu anakofanya kazi mumewe kilikuwa kimewaagiza wafanyakazi wote watume majina ya familia zao. Waliambiwa waandike kwa simu tu, kwa mpangilio rahisi: jina la mfanyakazi pembeni kabisa, na kila anayemtegemea chini yake, amesogezwa ndani kidogo, mtoto naye asogezwe ndani zaidi, chini ya mama yake. Mumewe, ambaye wote walimwita Fundi, aliandika yake mwenyewe, kwa kinanda kidogo cha kuchomeka kwenye simu alichookota kazini. Alipofika mstari wa mwisho, mikono yake ikiwa na mafuta ya chakula, alimwambia mkewe: malizia, muweke mama.

"Fundi aliandika, mama. Mimi nilimalizia."

"Ulimalizia mstari upi?"

"Wako."

Bibi akatikisa kichwa polepole. "Miaka miwili nakaa kwenu," alisema. "Sijasema chumvi imezidi. Sijasema redio ina kelele. Nimekaa kimya kama kabati. Nawe ukaona mahali pa kuniweka ni chini ya mtoto wa miaka sita, anayevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto."

"Mama, haki ya Mungu sikukuweka huko."

"Basi nilitembea mwenyewe usiku nikaingia?"

 Chumvi ilikuwa imesemwa, tena kila siku. Mama Kidoti alimshika mkono mkwewe wakavuka barabara, na Kidoti akawafuata akisema, "Mwanangu, angalia magari."

Kiwandani, Fundi alitolewa chini ya mashine ya kugandishia, amevaa koti zito la baridi huku jasho linamtoka mtu yeyote aliyekuwa nje ya chumba kile. Alimsikiliza mkewe, akamsikiliza mama yake, akatazama puto, akaona afadhali asiulize. Wote wanne wakaingia ofisi ya kumbukumbu.

Humo alikaa mwanamke ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Mfumo. Meza yake ilikuwa na kompyuta mbili na feni moja, na feni ilielekezwa kwenye kompyuta. Alisikia habari ya Kidoti kuwa mzazi wa bibi yake na hakucheka. Wiki ile mlinzi wa getini alikuwa ametokea kwenye orodha kuwa mke wa dereva, na dereva mwenyewe hakutaka kuamini kuwa ni bahati mbaya.

"Tatizo ni hili," alisema. "Ninyi mnaniletea maandishi matupu. Hospitali hawapokei maandishi. Wanataka data iliyopangwa, kila mtu kwenye mabano yake, na watu wake ndani ya mabano hayo. Kwa hiyo nina programu ya kugeuza. Sasa programu haijui bibi ni nani wala mtoto ni nani. Inahesabu nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari, basi. Mtu akisogea ndani kuliko aliye juu yake, inasema huyu ni wa huyu."

"Sasa si amesogezwa sawa?" Fundi alitoa simu. Mistari minne ilikuwa hapo: yeye pembeni, mkewe ndani kidogo, Kidoti ndani zaidi, na Bibi chini, amerudi nje, sambamba kabisa na mkewe. Mama Mfumo akaiangalia, akaikuza, akaiangalia tena. Kwa macho hakukuwa na kosa.

"Macho hapa hayasaidii," Bibi alisema kutoka kitini. "Haya, fungueni hayo maandishi kwenye hiyo kompyuta. Mke wa mwanangu, kaa hapo. Weka alama mwanzo wa mstari, halafu sogea mbele kwa kile kitufe cha mshale mpaka ufike kwenye herufi. Bonyeza kwa nguvu nisikie."

Mama Kidoti alikaa. Mstari wake mwenyewe: kitufe kikalia mara mbili.

"Mbili," Bibi alisema. "Kidoti."

Kikalia mara nne.

"Nne. Mimi."

Kikalia mara moja.

Bibi akainamisha sikio kuelekea kompyuta.

"Moja?"

"Moja tu, mama. Nimeshafika kwenye jina."

"Hiyo si nafasi. Hiyo ni ruka." Bibi aliketi vizuri zaidi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Aliyekuwa pale sasa si mgonjwa, ni mtu wa ofisini. "Kuna kitufe kirefu cha nafasi, na kuna kile cha pembeni chenye mishale, kinachoruka mara moja mpaka mbali. Mwanangu alipiga nafasi. Aliyeandika mstari wangu alipiga ruka."

Mama Mfumo akajipiga kofi kwenye paja. "Na programu inahesabu ruka moja kuwa nafasi nane! Kidoti ana nne, bibi ana nane. Lazima awe mtoto wake!"

"Nane?" Bibi alishangaa. "Taipu yangu ilikuwa tano. Siku hizi kila kitu kimepanda." Kisha akageuza uso upande ulikotoka mlio wa vitufe. "Na wewe nani alikufundisha kubonyeza hicho?"

Mama Kidoti alitazama vidole vyake. Angeweza kusema hajui. "Wewe, mama."

"Mimi?"

"Siku ile naandika barua ya kuomba kazi. Ulisimama nyuma yangu ukasikia napiga nafasi, nafasi, nafasi. Ukasema mstaarabu hachokonoi kinanda kama anakuna upele. Ukanishika kidole ukakiweka pale. Tangu siku hiyo napiga hicho tu."

Fundi akaanza kuikagua dari. Midomo ya Bibi ikachezacheza.

"Basi nilikufundisha vizuri," alisema hatimaye. "Kosa ni la programu."

Ilikuwa saa nane na robo. Mama Mfumo alikuwa tayari kuweka nafasi mbili na kumaliza kazi, lakini Bibi, aliyekwisha kuonja ushindi, akainua mkono.

"Ngoja. Hizo nafasi mbili zitaniweka chini ya nani?"

"Chini ya mwanao, mama. Kama mtegemezi wake."

"Mtegemezi." Alilitamka kama mtu aliyeuma kokoto ndani ya wali. "Nani alimzaa mwenzake hapa? Niweke juu. Yeye awe chini yangu, na mkewe chini yake, na mtoto chini yao. Huo ndio ukweli, au programu haitaki ukweli?"

"Mama..." Fundi alianza.

"Nimekulea kwa mikono hii na taipu moja. Sijamtegemea mtu."

Fundi alikuwa mtu anayeweza kutengeneza mashine yoyote ilimradi isiongee. Akamwambia Mama Mfumo kwa sauti ya chini, "Muweke juu tu, yaishe." Mama Mfumo alijua haifai. Lakini alikuwa hajala tangu asubuhi, na bibi yule alifanana na mwalimu wake wa darasa la tatu. Akapanga kama alivyoamriwa, akageuza, akatuma.

Kompyuta ilifikiri kidogo. Kisha ikaandika, na Mama Mfumo akasoma huku sauti ikizidi kufifia: "Mtoto mtegemezi amezidi umri wa miaka kumi na minane. Ameondolewa pamoja na walio chini yake."

"Nani?" Fundi aliuliza.

"Wewe. Na mkeo. Na Kidoti."

"Nani amebaki?"

"Mama. Ni fundi wa mitambo ya baridi, daraja la pili." Simu ndani ya mkoba wa Bibi ikalia. Mama Kidoti aliitoa akasoma ujumbe: mpendwa mfanyakazi, hujaonekana kwenye zamu ya leo, fika kwa msimamizi utoe maelezo.

"Mshahara ni kiasi gani?" Bibi aliuliza.

 Mama Mfumo alijaribu kuigeuza ile data irudi kuwa maandishi, apate pa kuanzia, nayo ikarudi vilevile ilivyokuwa: ukurasa mweupe, jina la Bibi juu kabisa pembeni, na chini yake hakuna kitu. Mama Kidoti, ambaye hakupenda mkwewe aishie gizani, alimsomea hasa kilichokuwepo.

"Ni jina lako tu, mama. Basi."

"Na chini?"

"Hakuna mtu."

Kidoti, aliyekuwa amesimama akiegemea magoti ya bibi yake, akauliza kama nao sasa wataondoka chumbani. Bibi akampapasa kichwa mpaka akalipata sikio, akalishika. Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro kumi.

"Futa," alisema. "Mke wa mwanangu, mikono kwenye kinanda. Nitataja, wewe andika, na mtu yeyote asiguse ruka."

"Ndiyo, mama."

"Mstari wa kwanza. Bila nafasi. Mume wako."

Vitufe vikalia.

"Mstari wa pili. Nafasi mbili. Wewe."

Vikalia.

"Wa tatu. Nafasi nne. Kidoti."

Vikalia, kisha vikasubiri. Bibi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni ingawa ilikuwa haimsaidii kitu, akaivaa. Mama Mfumo alitaka kusema muda unakwisha. Fundi akamzuia kwa mkono wenye grisi.

"Wa nne," Bibi alisema. "Nafasi mbili." Akakohoa. "Mimi."

Mama Kidoti alibonyeza kitufe kirefu mara moja, akabonyeza tena, taratibu, kama anayegonga mlango wa mtu aliyelala. Akaandika jina. Mama Mfumo akageuza maandishi kuwa data, akageuza data kuwa maandishi kuhakikisha, na mistari ikarudi minne. Alihesabu kwa kidole. Walikuwa wamekwenda na kurudi bila kupungua mtu. Ndipo akatuma.

"Nimebaki mfanyakazi?" Fundi aliuliza.

"Umebaki."

"Basi narudi kwenye mashine kabla haijabadilika."

Walifika mapokezi saa kumi kasoro dakika saba, Bibi akiwa amekwisha kutamka mara tatu kwamba angekimbia zaidi kama asingeshikwa mkono. Dada wa mapokezi aliandika namba ya kadi. Akasogeza uso kwenye skrini, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Mama mzazi wa mfanyakazi," alisoma. "Mtegemezi. Ni sahihi?"

Mama Kidoti akamtazama mkwewe.

"Ni sahihi," Bibi alisema. "Andika usije ukakosea."

Akawa wa kumi na nne, wa mwisho kwenye orodha. Aliweka kidole gumba chake mwenyewe, akakandamiza mpaka wino ukapanda kwenye kucha. Aliyelia ni Kidoti. Alikuwa ameelewa mambo nusu, na nusu hiyo ilimtosha.

"Kwa hiyo si mwanangu tena?"

"Nimekua," Bibi alimwambia. "Watoto wanakua haraka." Akampa puto.

Jumamosi daktari alipasua jicho la kulia kwa dakika ishirini. Jumapili asubuhi muuguzi wa wodi aliita familia, akamkalisha Bibi kwenye kiti cha dirishani, na kuanza kubandua plasta. Fundi alikuwa zamu. Kidoti aliambiwa akae mbali, akakaa mbali kiasi cha kiganja.

Pamba ikatoka. Bibi alipepesa jicho, machozi yakamtoka, akapepesa tena. Aliona kucha za muuguzi, zenye rangi nyekundu, akasema hazifai kazini. Aliona kidoti juu ya mdomo wa Kidoti, akacheka peke yake. Kisha akamgeukia mkwewe aliyesimama na kikapu mkononi na kitenge alichokifunga kwa haraka asubuhi ile, akamtazama kwa muda mrefu sana. Alihamia kwao miaka miwili iliyopita akiwa tayari haoni vizuri. Alimjua kwa nyayo, kwa chumvi, kwa mlango anavyoufunga. Uso ulikuwa ukungu.

Mama Kidoti akajiandaa. Alijirekebisha kilemba.

"Kumbe ndivyo ulivyo," Bibi alisema.

"Nilivyo vipi, mama?"

"Umechoka."

Muuguzi akaacha kukunja bandeji. Bibi alijishika kwenye kiti, akainuka, akakipiga vumbi kile kiti kwa kiganja.

"Weka kikapu chini," alisema. "Kaa hapa. Kaa, nimesema."

Mama Kidoti akakaa, mikono asijue aiweke wapi.